Wiki Tupu ya Mwezi wa Sita

Wote, 6 Oktoba 2024

Kwa Baba Mdogo Kimeu,

Nakusalimu kutoka chuoni hapa mjini Wote, Makueni. Mimi ni mzima, na natumaini wewe, mama, Kathini na mbuzi wote mnaendelea vizuri. Kichwa kinaniuma kidogo, lakini hicho kinauma darasa zima.

Nimeona nikuandikie, maana tukitaka kuongea kwa simu inabidi upande kilima kutafuta network, na ukiipata unasema "nini? nini?" mpaka salio linaisha. Sikulaumu, sikio ni lako. Barua nitaiacha kwa watu wa basi waifikishe dukani kwa Hassan pale Mwingi, naye ataituma Tseikuru pamoja na sukari.

Siku ile unanisindikiza uliuliza mtu wa mwaka wa kwanza wa udaktari hufanya nini kutwa, na hajui kutibu hata mafua. Sasa nikujibu. Saa mbili asubuhi ni Anatomi, yaani mwili umejengwa vipi. Saa nne ni Fiziolojia, mwili unafanya kazi vipi. Saa sita ni Baiokemia, ambayo mpaka leo sijaelewa inahusu nini. Saa nane tunaingia chumba cha maiti mpaka saa kumi na moja. Jioni tunakula, halafu tunasoma yale ya mchana, na kabla hujayamaliza kumekucha na mengine yanakuja. Jumamosi kuna darasa. Jumapili ninaenda kanisani, ninasinzia, ninarudi kusoma. Mhadhiri wa Anatomi alituambia siku ya kwanza kwamba hakuna kitu kigumu hapa, ni vingi tu. Tulicheka. Siku hizi hatucheki.

Kule kwa maiti tuko wanafunzi kumi kwa meza moja. Wetu ni mzee. Tuliambiwa kwanza tusimame kimya kwa heshima yake, nikafikiri nitaanguka, sikuanguka. Aliyeketi sakafuni ni Nasreen, msichana wa Mwingi tunayelala naye chumba kimoja, na yeye ndiye alikuwa akinitia moyo tukienda. Siku ya pili tulipewa visu tukaanza na kwapa.

Ndani ya bahasha nimekuwekea ratiba ya mwaka mzima ili ujue niko wapi saa gani. Msalimie mama, umwambie nakula.

Mwanao,
Ndila


Tseikuru, 9 Novemba 2024

Mwaitu Ndila,

Uko salama? Nimeandika "mwaitu" na sifuti, hata kama ulinikataza kukuita hivyo mbele ya wanafunzi wenzako. Mama yangu alikuwa Ndila, wewe ulipewa jina lake, kwa hivyo wewe ni mama yangu na mimi ni mtoto wako. Sisi Wakamba hatukuanza hiyo jana. Ndugu yangu angekuwa hai angekuita hivyo pia, lakini alikufa akaniachia peke yangu kazi ya kuwa mtoto wako.

Sisi ni wazima. Mvua imenyesha mara mbili, ya tatu bado inajifikiria. Mbuzi wawili wamezaa, mmoja mapacha. Mama yako anasema upake miguu mafuta, huko Wote kuna vumbi.

Ratiba nimeibandika ukutani kwa uji wa unga, kando ya kalenda ya kanisa. Nikifungulia mbuzi najua mama yuko Anatomi. Nikiwanywesha najua mama yuko kwa maiti. Lakini nimetafuta mahali pameandikwa kupumzika, sijaona. Aliyepanga hii kitu hajawahi kufuga. Hata ng'ombe akishakula humwacha alale acheue, la sivyo anavimba tumbo. Mwambieni huyo mhadhiri.

Kuhusu huyo mzee mnayemkata nina maswali. Ni wa wapi? Watu wake wanajua? Nilipoeleza hapa, Mzee Jonah wa kanisa aliuliza kama ukija Krismasi utasukuma chapati kwa mikono hiyo. Nilimjibu kwamba sabuni ilishatengenezwa. Lakini kati yangu na wewe, unaoga vipi?

Sasa habari yenyewe. Mdogo wako Kathini amepata mtu. Anaitwa Mbuvi, fundi wa magari huko huko kwenu Wote, mtu wa kanisa, anaongea polepole. Alikuja kutengeneza lori lililokwama mtoni. Lori lilipona siku ya kwanza, yeye akakaa wiki. Anataka kuleta watu wake. Sasa wewe ndiwe mkubwa, na midomo ya hapa itasema mdogo amemruka mkubwa. Niambie kama moyo wako uko sawa. Ukisema hapana, nitamwambia huyo fundi asubiri, na atasubiri.

Mimi mtoto wako,
Kimeu


Wote, 19 Januari 2025

Baba Mdogo,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Najua mlinitazamia Krismasi. Tulipewa siku chache, na mtihani mdogo wa Anatomi, ule tunaouita CAT, ulikuwa umewekwa wiki ile ile ya kufungua, nikabaki hosteli. Tulipika wali mimi na Nasreen, ukaungua, tukaula hivyo hivyo huku tumefungua vitabu.

Kuhusu Kathini, moyo wangu uko sawa kabisa. Alinitumia picha ya huyo Mbuvi. Masikio makubwa, lakini macho ya mtu mwema. Asingoje mtu. Mimi ninayo miaka mingine mitano ya kusoma hapa, akiningoja ataolewa na mvi. Midomo inayosema ipewe chai ya moto.

Mzee wetu hatukuambiwa jina. Tuliambiwa kwamba wengine walijitoa wenyewe wakiwa hai, na wengine hawakudaiwa na mtu. Wetu sijui ni yupi. Ana kovu refu chini ya goti, nafikiri lilikuwa jembe. Siku tuliyofika hapo hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulikata. Mwishowe nilikata mimi. Naoga kwa sabuni mara mbili na ndimu, lakini ile harufu ya dawa ya kuhifadhi hukaa kwenye nywele, basi nimenyoa. Usimwambie mama.

CAT ilifanyika. Wanachomeka vibendera juu ya maiti, meza baada ya meza. Unasimama mbele ya kibendera, unaandika jina la mshipa au msuli, kengele inalia, unasonga meza nyingine. Kama hujui, kengele inalia pia. Imeenda.

Mwanao,
Ndila


Tseikuru, 8 Machi 2025

Mwaitu,

Natumaini nywele zinaota. Mama yako sijamwambia, lakini unajua mama yako.

Umeandika kwamba CAT imeenda. Imeenda wapi? Huku mbuzi akienda asirudi huwa tunamfuata. Sawa, sitakuuliza mara mbili.

Watu wa Mbuvi wamekuja. Wazee watatu na shangazi mmoja mwenye maneno. Tumekubaliana walete mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kumposa. Unajua mambo yalivyo kwetu: wanaweza kufunga harusi ya kanisa na keki ya ghorofa tatu, wakazaa watoto kumi, lakini bila wale mbuzi watatu Kathini bado ni msichana wa kwetu aliyepotea njia. Kwa hivyo ntheo kwanza, kanisa baadaye.

Walipouliza siku, sikujibu haraka. Nilienda ukutani, nikapitia ratiba yako mwezi kwa mwezi na miwani. Kila wiki imejaa mpaka pembeni. Lakini mwezi wa sita, kuanzia tarehe kumi na sita, kuna wiki moja haina hata neno. Nyeupe kabisa. Nikafurahi sana, nikasema kumbe watu hawa wana utu. Nikarudi nikawaambia wageni: Jumamosi tarehe ishirini na moja, mama yangu atakuwa na nafasi.

Na nimewaambia mbele ya wote kwamba sitapokea mbuzi wa watu katika boma la mama yangu na yeye hayuko. Wewe ni mama wa nyumba hii, na tena ni dada mkubwa. Ukisimama pale umevaa vizuri, hakuna mdomo utasema unamwonea wivu mdogo wako. Mzee wao alisema hiyo ni heshima ya zamani na imempendeza. Wameshaanza kutafuta gari.

Jibu si lazima, ratiba imenijibu.

Mtoto wako,
Kimeu


Wote, 4 Mei 2025

Baba Mdogo,

Natumaini mko wazima na kwamba mvua hii ya sasa haikuwapita. Barua yako ya mwezi wa tatu imenifikia juzi. Hassan alikuwa amefunga duka akaenda kufanya Ramadhani na Idi kwa watu wake Garissa, na barua ikabaki kwenye droo na daftari za mayai. Ameomba radhi sana.

Baba Mdogo, siwezi kuja tarehe ishirini na moja.

Ile wiki haikuandikwa kitu kwa sababu ndiyo wiki ya kujisomea. Jumatatu inayofuata tunaanza mitihani ya mwaka mzima. Yote niliyokuambia, ya asubuhi na ya mchana na ya Jumamosi, yanapimwa hapo kwa wiki mbili. Hakuna wiki imejaa kuliko hiyo. Wewe mvua ikinyesha, kuna mtu hukuandikia mahali kwamba leo ni siku ya kupanda? Lakini siku hiyo hata uitwe kwa harusi ya nani, huendi.

Kutoka hapa mpaka huko na kurudi ni siku mbili, na kichwa kinataka nyingine mbili kurudi mahali pake. Sina siku nne. Kuna na sababu nyingine ambayo sitaiandika.

Naomba moja kati ya mawili: usogeze siku, au upokee mbuzi bila mimi. Nilimpigia Kathini akuambie mapema. Amekataa. Anasema bibi harusi hapangi siku ya mbuzi wake mwenyewe, kwamba ni mambo yangu na wewe. Sauti yake haikuwa nzuri. Tafadhali nijibu haraka.

Mwanao,
Ndila


Wote, 8 Juni 2025

Baba Mdogo,

Salamu kwa wote. Sijapata jibu. Hassan anasema barua yangu aliituma siku ile ile ilipofika, na kwamba aliyeipokea ni wewe mwenyewe. Kathini ananijibu meseji kwa neno moja moja. Nasoma ukurasa, nikifika chini sijui juu palisema nini, kwa sababu nawaza hiyo Jumamosi.

Niandikie neno moja tu, kwamba umesogeza au hukusogeza.

Ndila


Tseikuru, 24 Juni 2025

Mwaitu,

Tuko wazima wa mwili.

Barua zako zote mbili nilizipata. Ya kwanza niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya godoro. Nilisema moyoni, acha, akiona siku imefika atakuja tu, damu itamvuta. Nilikosa kukujibu kwa sababu ningekujibu ungekataa mara ya pili. Hiyo ndiyo kweli.

Hukuja. Watu wa Mbuvi walikuja. Walitoka Wote gizani, wakafika saa sita na pikapu na mbuzi watatu wazuri, mmoja dume mweupe mwenye ndevu. Mbuvi alikuwa amevaa suti kwa hili jua. Wakaketi, wakanywa chai, mchungaji akaomba, wakasema tuanze. Nikasema mama yangu hajafika. Tukangoja. Saa tisa wakasema tena tuanze. Nikasema nilichosema mwezi wa tatu ndicho ninachosema leo, mbuzi hawaingii boma hili mama hayuko. Walifikiri natania. Walipoona sitanii, yule shangazi alianza maneno yake, na mama yako akanivuta kando akaniambia Kimeu usituaibishe. Kathini aliingia ndani akafunga mlango.

Mzee wao hakugombana. Aliomba maji, akawanywesha mbuzi wake, akasaidia kuwapandisha kwenye gari. Kisha akaniambia, "Mimi ni mtu mzima, Kimeu. Hii njia nitaikanyaga mara moja tena. Ya tatu hapana."

Nimewapa siku nyingine, Jumamosi tarehe ishirini na tatu mwezi wa nane. Nimeangalia, ratiba yako imeishia mwezi wa saba, baada ya hapo hakuna karatasi tena. Kwa hivyo safari hii huna neno.

Kathini haongei na mimi. Analeta chai, anaiweka, anaenda. Lakini sijakosea. Mtu akisema neno mbele ya wageni, anakaa nalo.

Mtoto wako,
Kimeu


Wote, 20 Julai 2025

Baba Mdogo,

Salamu nitaweka mwisho, leo nina hasira.

Habari ya mbuzi kurudishwa niliipata kabla ya barua yako. Kathini alinitumia meseji usiku wa kuamkia mtihani wa Anatomi. "Wamerudi na mbuzi wao. Kwa sababu yako." Hayo tu. Niliingia mtihani nayo. Nilikaa mbele ya karatasi nikiona dume la watu linapandishwa pikapu.

Sasa nikuambie nisichokuambia mwaka mzima. Uliuliza CAT ilienda wapi. Nilianguka. Ya pili pia nilianguka. Sikusema, kwa sababu kanisa lote lilinisindikiza kwa maombi, mama akauza kuku, na Mzee Jonah ananiita daktari tangu siku sijavaa hata koti jeupe. Ningeanzaje? Mimi niliyerudia mtihani wa Form Four ndiyo nifike hapa, niandike tena kwamba nimeanguka? Niliona aibu, nikaandika "imeenda". Ndiyo maana ile wiki tupu niliihitaji kuliko mtu yeyote darasani.

Matokeo yametoka. Fiziolojia nimepita. Baiokemia, hata sijui vipi, nimepita. Anatomi nimepata arobaini na nne na inatakiwa hamsini. Nimepewa mtihani wa marudio. Alhamisi ni kuandika, Ijumaa ni vibendera na kengele, Jumamosi asubuhi ni kusimama mbele ya wahadhiri watatu wakuulize kwa mdomo. Hiyo Jumamosi ni tarehe ishirini na tatu mwezi wa nane. Nikianguka hapo ninarudia mwaka wote kuanzia kwapa. Na wewe ukiwarudisha wale watu tena, yule mzee harudi, umeandika mwenyewe. Kathini atakuwa amekosa mume kwa ajili ya jina langu.

Basi nisikilize. Mwaka huu wote umeniita mwaitu, na mimi nilikuwa nacheka. Leo sicheki. Kama mimi ni mama wa hilo boma, neno langu linafanya kazi au ni la kupamba barua?

Kimeu, pokea mbuzi wa watu. Ni mama yako anakuambia. Mama akiwa mbali, nyumba haifungwi. Usinijibu, usiangalie ukuta, usingoje damu inivute. Wakifika, toka ukawapokee kwenye lango wewe mwenyewe, umwombe yule mzee msamaha kwa safari yake ya kwanza, umwombe na Kathini.

Najua nimekuvunjia heshima. Sifuti.

Msalimie mama, na umwambie nimenyoa.

Ndila


Tseikuru, 26 Agosti 2025

Mwaitu,

Nimefanya.

Sisi ni wazima. Mama yako ameshajua habari ya nywele, amesema zitaota.

Barua yako niliisoma zizini. Nilipofika pale ulipoandika "Kimeu", nikakaa chini. Tangu tumzike mama hakuna mtu ameniita Kimeu kwa sauti hiyo. Wengine wote wana kitu mbele, Mzee Kimeu, Baba fulani, na hata mama yako akiniita hivyo ananibembeleza. Nililia. Nilisema ni vumbi, lakini hapakuwa na mtu wa kudanganya, mbuzi tu.

Nilianza na Kathini. Nilimwambia nimekosa. Alisema ni sawa kwa ile sauti ya kusema si sawa. Nikamwambia kwamba nimeagizwa na mama. Akauliza, mama yupi? Nikampa barua yako asome, kipande cha mwisho tu. Yale ya kuanguka niliyakunja ndani, hayo ni yako, utayasema ukitaka. Alisoma, akanirudishia, na jioni akaketi karibu nami tukanywa chai pamoja.

Jumamosi niliamka mapema nikavaa koti. Nilipohesabu kwamba sasa umesimama mbele ya wale wahadhiri watatu, nilimwambia mchungaji aombe. Aliuliza aombee nini, nikamwambia Mungu anajua. Wageni walifika nikiwa langoni. Yule mzee nilimshika mikono miwili nikamwambia safari ya kwanza ni deni langu, na kwamba nilikuwa mjinga. Alisema wajinga wako wengi, wanaosema ni wachache. Tukaingia. Mbuzi waliingia boma. Dume alichinjwa, si yule mwenye ndevu, yule aliuzwa kwa hasira mwezi wa sita. Kathini aliulizwa mbele ya watu tule au tusile, akasema tule, yaani amemkubali. Mbuvi alitoa jasho mpaka suti ikabadilika rangi.

Sasa jambo moja. Watu wanakula, yule shangazi wao akaweka mfupa chini, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Na yule mama yako aliyeturudisha mwezi wa sita, leo yuko wapi? Au alikufa tena?" Watu wakaacha kutafuna. Mama yako akaangalia chini. Kathini akaniangalia mimi.

Nikasimama. Nikasema, "Mama yangu yuko kazini."

Nikakaa. Hakuna aliyeuliza tena.

Kathini amekwenda Wote na mume wake tangu jana, atakutafuta. Ratiba nimeibandua. Ukipata ya mwaka ujao uniletee, na penye wiki nyeupe uniandikie kwa mkono wako ni ya nini.

Sikuulizi umepata nini.

Mtoto wako,
Kimeu


Wote, 14 Septemba 2025

Kimeu, mtoto wangu,

Natumaini wewe na mama mko wazima, na boma halijawa kimya sana bila Kathini. Mimi ni mzima. Nywele zimeanza kukamatika tangu niache kunyoa.

Nimepita. Hamsini na tatu. Si alama ya kubandika ukutani, lakini imetosha. Wale watatu waliniuliza mishipa ya mkono nikajibu yote, wakaniuliza ya uso nikajibu nusu, mmoja akasema huyu anajua kuliko anavyoamini. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi.

Mwaka wa pili ulianza Jumatatu iliyopita, kwa hivyo likizo yangu yote ilikuwa ni huo mtihani. Sitakuja nyumbani mpaka Krismasi, na Krismasi hii nitakuja, hata wakiweka CAT juu ya keki.

Kathini alikuja Jumapili ya kabla ya kufungua, na sufuria ya nyama na Mbuvi nyuma yake. Mbuvi alisalimia akaenda kuangalia jenereta ya hosteli ambayo hakuna mtu alimwomba aiangalie. Kathini aliniona kichwa akacheka mpaka akalia, halafu akalia bila kucheka. Alisema ile meseji aliandika kwa hasira. Nilimwambia najua. Nikamwambia na yale mengine, ya kuanguka, kwa mdomo wangu. Akaniuliza kwa nini nilibeba peke yangu, nikafungua sufuria. Tulikaa kitandani tukila, akawa anasimulia mambo ya Mbuvi na mama mkwe, na katikati ya hadithi nikalala. Nilipoamka ilikuwa jioni, ameniondolea viatu, ameosha sufuria, bado ameketi hapo hapo. Sijui ni lini mara ya mwisho nililala hivyo.

Barua yako ilifika Alhamisi. Kaka yake Nasreen, Fahad, aliileta asubuhi akanipa langoni nikikimbilia darasa. Nilitaka kuiweka mfukoni. Nikasema acha nisome mistari miwili. Nikafika pale ulipomjibu yule shangazi, nikarudia, nikarudia tena, nimesimama kando ya lango na watu wote wameshapita. Kwa mwaka mzima nilianguka mitihani lakini sikuwahi kuchelewa darasa hata siku moja. Alhamisi nilichelewa.

Nilipoingia mhadhiri alikuwa ameshaanza. Aliacha kuandika ubaoni, akaniuliza mbele ya wote nilikuwa wapi.

Nikamwambia, "Nilikuwa nyumbani."

Aliniangalia kidogo, akanionyesha kiti, tukaendelea.

Mama yako,
Ndila